Ryu wa Jada Toys: nilimpa mtihani wa mapigo matatu

Nitoe hukumu mapema kwa asiye na muda. Kama ulicheza Street Fighter II, ile gemu ya kupigana ya mwaka 1991, kwa vidole vyako mwenyewe, mpaka gumba likaota sugu, mnunue huyu Ryu, sanamu ya mpiganaji wake maarufu. Kama unamjua kwa picha ya fulana tu, pesa yako itafute kazi nyingine, maana akishafika Uganda bei yake haifanani tena na ile uliyoiona kwenye simu.

Ni sanamu ya inchi 6, yaani karibu sentimita 15, yenye viungo vinavyokunjika. Walioitengeneza ni Jada Toys wa California, kampuni ambayo wengi tunaijua kwa vigari vya chuma. Mwaka 2023 waliingia kwenye Street Fighter kwa kibali cha Capcom, wenye gemu hiyo, wakaanza na wapiganaji watatu: Ryu, Chun-Li na Fei Long. Huyo wa tatu alinishangaza. Fei Long hakuwemo kwenye gemu ya 1991. Alikuja na Super Street Fighter II mwaka 1993. Kumtanguliza yeye huku Guile na Blanka, waliokuwemo tangu siku ya kwanza, wakisubiri foleni, ni uamuzi ambao mpaka leo sijauelewa. Lakini hayo si makosa ya Ryu.

Boksi limeandikwa Ultra Street Fighter II: The Final Challengers, jina la gemu iliyotoka 2017 kwa ajili ya Nintendo Switch. Usibabaishwe na urefu wa jina. Ni Ryu yule yule wa mashine za sarafu: vazi jeupe la karate lililoraruka mabegani, mkanda mweusi, kitambaa chekundu kichwani, miguu peku. Vazi ni la plastiki, si kitambaa, na mimi naona hapo walifanya vyema. Kwenye umbo dogo namna hii nguo ya kushonwa huvimba kama gunia.

Sasa niwaambie nilivyompima. Sisi wa Busia, upande huu wa Uganda, wengi hatukuiona mashine ya sarafu. Tulijifunzia kwenye Sega, mashine ya gemu ya kuunganisha na TV, katika kibanda cha mabati, unalipa kwa raundi na nyuma yako kuna watu wanane wanakuambia unakosea. Padi ya Sega ile ilikuwa na vitufe vitatu vya kupigia, na gemu ina mapigo sita, ngumi tatu na mateke matatu. Kwa hiyo vitufe vile vile vilikuwa ngumi kwanza, na ukitaka mateke ubonyeze Start kwanza ndipo vigeuke. Nani ana muda huo wakati Zangief, yule jitu la mieleka, anakuja kukubeba? Matokeo yake tukawa taifa la ngumi. Hadouken, lile bonge la moto la kurusha kwa mikono, tuliijua, Shoryuken, ngumi ya kuruka juu, tuliijua kwa shida, na Tatsumaki, lile teke la kuzunguka hewani, lilikuwa la matajiri wenye padi ya vitufe sita.

Basi mtihani ukawa huo. Sanamu ya Ryu isiyoweza mapigo yake matatu ni mtu tu aliyevaa nguo za karate.

Nilianza na Hadouken. Kidoleni ni chini, chini-mbele, mbele, kisha ngumi. Mwilini ni jambo gumu zaidi: miguu ipanuke, magoti yakunjike, kiwiliwili kiinamie mbele, na mikono yote miwili inyooke pamoja huku viganja vimekutana kwenye vifundo. Hapa ndipo sanamu nyingi hufeli, kwa sababu mabega ya plastiki hayapendi kusogea mbele ya kifua. Ya huyu yanasogea. Viwiko na magoti vinakunjika mara mbili, kwa hiyo anashuka chini vizuri bila kuonekana kama mtu anayetafuta kiti. Unambadilisha mikono, unatoa ngumi na kuweka viganja vilivyofunguka, halafu unamwekea lile bonge la moto wa bluu. Ni plastiki inayopitisha mwanga. Umeme ukikatika jioni, weka tochi ya simu nyuma yake uone. Kuna pia kichwa cha pili, Ryu akipiga kelele kwa kinywa wazi, na ukikibandika hicho pozi linakamilika. Kichwa cha kawaida, kile cha uso mkavu, kinafaa anaposimama tu. Hapa nampa alama zote.

Shoryuken ina hadithi yake ndani ya gemu, kwani kovu kubwa kifuani mwa Sagat, hasimu wa Ryu, ni la ngumi hiyo. Kwa sanamu, swali ni usawa. Mkono mmoja uende juu kabisa karibu na sikio, goti moja lipande, kiwiliwili kijipinde, na uzito wote ubaki juu ya mguu mmoja. Inawezekana. Kifundo cha mguu kinapinda kwa pembeni, hivyo wayo unabaki umelala sawasawa mezani hata mguu wenyewe ukiwa umeinama. Lakini inataka subira, na inataka meza isiyotikisika. Nyumba yangu haiko mbali na barabara kuu ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya, na trela lenye mzigo likipita, Ryu anashuka. Nimempa pasi, ila si kwa shangwe.

Tatsumaki amefeli, na kosa si la viungo vyake. Mguu unanyanyuka, kiuno kinageuka. Tatizo ni kwamba pigo lenyewe linafanyika hewani, na ndani ya boksi hamna stendi ya kumshikilia hewani. Nilimfunga mshipi wa nailoni, ule ule wa wavuvi wa Majanji, nikamning'iniza kwenye msumari. Anazunguka kweli upepo ukipita. Uzuri haupo, lakini mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini. (Mpwa huyo huyo, siku sanamu ilipofika, aliipindua pindua yote kisha akaniuliza, "Mjomba, huyu anachajiwa wapi?") Kwa mtu aliyejifunza gemu kwenye Sega ya vitufe vitatu, kukosa Tatsumaki si msiba. Wa vitufe sita watanuna.

Kuna jambo ambalo tathmini za wazungu hazitakuambia, nalo ni kwamba Ryu anavaa nyeupe na sisi tunaishi kwenye udongo mwekundu. Kiangazi vumbi la Busia halibishi hodi. Linaingia kwenye mikunjo ya vazi, chini ya mkanda, katikati ya vidole vya miguu, na baada ya muda mfupi bingwa wa dunia anafanana na fundi wa kufyatua matofali. Kitu cha kwanza cha kununua ni kabati lenye mlango wa kioo, hata dogo. Ukichelewa, tumia mswaki laini wa zamani, maji ya baridi na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, kisha mkaushe kivulini. Usithubutu kumgusa kwa Jiki, petroli au thina ya rangi. Macho na nyusi zimechorwa kwa rangi nyembamba sana, zikitoka hazirudi.

Joto nalo lina vituko vyake. Plastiki laini chini ya paa la bati saa nane mchana inalegea, na sanamu iliyoachwa kwenye pozi la kuegemea upande mmoja hupinda polepole. Mimi nikiondoka kwa siku kadhaa namwacha amesimama wima. Joto hilo hilo lina faida pia: kiungo kikiwa kigumu usikilazimishe. Mzamishe sehemu hiyo kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, kitalainika na kusogea bila kuvunjika.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo pananiuma. Marekani sanamu hii ilitoka kwa takriban dola 25. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 3,700 hivi, ni kama 92,500, bei ambayo kijana mwenye kazi anaweza kujichanga. Lakini ongeza posta ya ndani ya Marekani mpaka ghala la msafirishaji, ongeza nauli ya ndege, ongeza ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, ongeza basi la kutoka Kampala. Mimi ilinifikia kwa zaidi ya laki mbili kidogo. Na boksi lilikuwa limebonyea kona nzima. Nilipolalamika kwa kijana wa ofisi ya wasafirishaji alinijibu bila hata kuinua kichwa, "Kaka, mzigo umefika salama. Boksi si mzigo." Kwangu haikuwa hasara kubwa kwa kuwa nilikuwa nalifungua siku ile ile. Ila wewe unayekusanya sanamu na kuziacha zimefungwa, jua kwamba njia hii haiheshimu maboksi.

Mama alipomwona kabatini aliuliza bei. Nikamtajia nusu.

"Hiyo ni pesa ya mbuzi, mwanangu."

"Mbuzi hawezi kurusha moto, mama."

"Lakini anazaa."

Sina jibu la hoja hiyo.

Mtaani wataniambia kwamba Ryu yupo Kampala, Kikuubo, kwa elfu thelathini na kitu. Nimemshika huyo, jirani yangu anaye. Si Ryu wa Jada. Boksi halina alama ya Capcom wala jina la mtengenezaji, kiwiko kinakunjika mara moja na kusimama, macho hayako kwenye mstari mmoja, na harufu yake ya plastiki inakusalimia kabla hujamwona. Hadouken hawezi, mikono yake haikutani. Sisemi ni kitu kibaya. Kama mtoto wako anataka mtu wa kupigana na mbuzi wa jirani uani, mnunulie huyo wa Kikuubo na uwe na amani. Ila muuzaji akikuambia ni kitu kimoja na akataka bei ya kile halisi, angalia kwanza chini na nyuma ya boksi, kisha mwombe akunje kiwiko mbele yako.

Kwa anayetaka wa kweli, ushauri wangu ni mmoja: usiagize peke yako. Wasafirishaji wa anga wengi wanatoza kwa kilo na hesabu zao huanzia kiwango fulani hata mzigo ukiwa mwepesi, kwa hiyo sanamu moja inalipa nafasi ya sanamu tatu. Mimi na rafiki yangu wa Tororo tunaagiza Chun-Li wawili kwa kifurushi kimoja. Humo humo tumeongeza stendi mbili za plastiki zenye mkono wa kubana kiuno, zile zinazouzwa zenyewe kwa sanamu za inchi 6, kwa sababu hazina uzito wa kusumbua na Chun-Li naye ana mateke yake ya hewani.