Uzoefu wangu wa kumhamisha mama kutoka daftari hadi Bitwarden

Kwa miaka mingi nywila za mama, anayeishi Buruburu, zilikaa katika daftari lile lile analoandikia michango ya chama. Daftari hilo lilipolowa maji, tulihangaika wiki nzima kurejesha akaunti zake, na hapo nikaamua kumtafutia programu huria ya kutunza nywila.

Nilianza na KeePassXC, ambayo mimi mwenyewe naipenda kwa kuwa nywila zote hukaa katika faili moja iliyofungwa, kwenye kompyuta yako. Hata hivyo, kuihamisha faili hiyo hadi kwenye simu ni jukumu lako, na sikutaka kumtwika mama mzigo huo. Nikahamia Bitwarden, iliyoanza mwaka 2016, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua, na ambayo hata bila malipo haiwekei kikomo idadi ya nywila wala ya vifaa.

Mama alikataa. "Mwanangu, siri zangu zote nimkabidhi nani huyo?" Nilikuwa nimejiandaa kueleza urahisi wake, kumbe yeye alitaka kujua nani anashika ufunguo. Nikamweleza kwamba nywila hufungwa kwa AES ya biti 256, yaani njia madhubuti ya kuficha data kwa ufunguo wa siri, ndani ya simu yake kabla ya kutumwa popote, na kwamba kampuni yenyewe haiijui nywila yake kuu, ile inayofungua nyingine zote. Jibu hilo lilimridhisha, lakini lina upande wa pili: akiisahau, kampuni haiwezi kumrudishia. Kwa hiyo alitunga maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana yawe nywila kuu, nami nikiwa nimempa mgongo, akayaandika kwenye karatasi na kuifungia sandukuni pamoja na hatimiliki ya shamba. Naiona njia hiyo kuwa salama, kwa sababu mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye sanduku hilo.

Tulianza na barua pepe peke yake, kwani ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote, kisha tukawa tunaongeza akaunti moja kila nilipomtembelea. Namba ya siri ya M-Pesa tuliiacha kichwani mwake.

Baadaye nilimlipia huduma ya dharura, ambapo mtu aliyeteuliwa huomba kufunguliwa na hupata ruhusa iwapo mwenye akaunti hatakataa katika muda uliowekwa. Mama alichagua siku 7, na aliyemteua ni dada yangu.