Sefu ya bunduki kwa nyumba ya Dar: angalia bitana kabla ya kufuli

Mwezi wa tano, masika yakielekea kuisha, nilifungua sefu kutoa shotgan niende nayo shambani Mkuranga. Nguruwe pori walikuwa wameshafukua matuta mawili ya mihogo. Mtutu ulikuwa umelala kwenye sponji nyeusi iliyonivutia dukani. Nilipounyanyua, chini yake kulikuwa na mstari wa kutu umenyooka kama umepigwa rula, pale pale sponji ilipogusa chuma. Nikaibonyeza sponji kwa kidole gumba: baridi, mbichi. Na silaha niliiweka safi, imepakwa mafuta, wiki sita tu nyuma.

Wenzangu wawili wenye leseni, mmoja Kigamboni na mwingine Mbezi Beach, yamewakuta hayo hayo. Kwa hiyo urefu wa sefu na idadi ya bunduki utapima mwenyewe kwa futi kamba. Mimi nataka tuzungumzie bitana. Hewa yetu ina unyevunyevu na chumvi ya bahari. Sponji na zulia vinainywa, mlango unafungwa, na chuma kinakaa usiku na mchana kimeegemea kitambaa kibichi. Muuzaji anaiita ulinzi wa silaha. Ndiyo inayoila.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi mapenzi yangu, ni Burg-Wächter ya Ujerumani, kabati la Ranger N. Kule tangu 2017 anayeanza kumiliki silaha anatakiwa awe na sefu iliyopimwa kwa kiwango cha EN 1143-1, yaani kipimo cha Ulaya cha sefu kuhimili wizi, daraja 0 au zaidi, na hili limo. Daraja linaandikwa kwenye kibandiko ndani ya mlango. Kisome kabla hujatoa hela. Ukikuta kizulia, kibandue. Kiwango hicho kinataka sefu ya chini ya kilo 1,000 iwe na tundu la kuifungia, basi ifunge kwenye zege la sakafu kwa boliti. Tofali za ukuta zenye uwazi ndani hazishiki kitu.

La pili ni fundi wa kuchomelea pale Gerezani. Mwambie pleti ya milimita 3, bawaba zikae ndani, kufuli ya funguo, na ndani rangi tupu. Mtutu uegemee mbao kavu iliyopigwa vanishi, uguse sehemu mbili tu, hewa izunguke kwingine kote. Cheti hutapata, lakini kutu hutaiona kirahisi.

SentrySafe za kuzuia moto naziweka nafasi ya tatu, tena kwa hati ya kiwanja, si kwa bunduki. Kuta zake zimejazwa kitu chenye maji ndani yake, ndicho kinachopooza moto, na unyevu huo unabaki na wewe humo ndani. Mtengenezaji mwenyewe anashauri uifungue mara kwa mara ipate hewa.

Visanduku vya namba vya laki moja na nusu ni vya hereni.

Yangu niliinunua laki sita Kariakoo. Nilipompelekea picha ya kutu, muuzaji akanijibu, "Mama, bidhaa ikishatoka hairudi, labda hukupaka mafuta." Wiki iliyofuata mdogo wangu aliulizia sefu hiyo hiyo, duka hilo hilo, akaambiwa laki nne na nusu. Bei haijaandikwa popote. Wanakutazama viatu, wanakutajia, ukihoji wanasingizia dola. Mtu anahifadhi silaha kama Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inavyomtaka, halafu anauziwa godoro ndani ya bati!

Sponji nimeibandua kwa kisu, gundi imenichukua jioni mbili na mafuta ya taa. Sasa ndani nimeweka kopo la punje za silika, zile za buluu zinazogeuka waridi zikishiba maji. Vipakiti vya kwenye boksi la viatu havitoshi. Jumamosi iliyopita zilikuwa zimeshageuka nusu kopo, nikazikausha kwenye oveni, nikazirudisha.