Mhariri Niliyemlipa Baada ya Kupewa Nyota Mbili

Riwaya yangu, niliyoichapisha mwenyewe, ilikuwa imekaa sokoni miezi 4 na kupata maoni 11, manne kati yake yakiwa ya nyota mbili au pungufu, nilipoamua kumlipa mhariri wa kujitegemea. Sikumwendea kwa unyenyekevu. Nilitaka mtu wa fani anithibitishie kwamba wasomaji wale hawakunielewa, na tayari nilikuwa nimemwandikia mmoja wao jibu refu, lenye ukali, ambalo kwa bahati nililala kabla ya kulituma.

Mhariri aliomba muswada wote pamoja na maoni mabaya, kisha akahariri kurasa 10 za majaribio bila malipo ili nijionee utendaji wake. Kazi yake ya maana zaidi, kwa maoni yangu, haikuwa ya lugha. Wasomaji watatu walikuwa wamelalamika kwamba hadithi inajikokota, nami nilikuwa tayari kuufyeka mwanzo wote. Alinizuia. Alinionyesha kwamba kati ya sura ya 6 na ya 9 ndugu wawili wanagombana mara tatu juu ya urithi uleule, kila mara katika chumba kingine, bila msomaji kupata habari yoyote mpya. Msomaji huchoka kweli, lakini si lazima ajue alichokea wapi. Msomaji wa nne alichukizwa na mhusika mkuu kuivunja ndoa yake. Hapo mhariri aliandika pembeni: “Huyu hakukipenda kitabu ulichokusudia kukiandika. Mwache.”

Uhariri wa lugha ulikuja baadaye, katika faili inayoonyesha kila badiliko ili mwandishi alikubali au alikatae. Sentensi yangu, “Alitembea kwa miguu yake kuelekea mlangoni huku akiwa amejawa na hasira kali moyoni mwake,” ilirudi ikiwa, “Akaufuata mlango, asigeuke.” Nilinuna jioni nzima, kisha nikalikubali.

Kasoro zilikuwepo. Alichelewa siku 9 bila kunipa taarifa, jambo ambalo kwa mtu aliyekwisha kulipa nusu ya malipo halipendezi hata kidogo. Alinyoosha pia maneno ya bibi katika hadithi, ambaye nilimpa sentensi za kukatikakatika kwa makusudi, na ikanibidi kuyarejesha moja baada ya jingine. Zaidi ya hayo, usomaji prufu, yaani ukaguzi wa mwisho wa makosa madogo kabla ya kuchapisha, haukuwemo katika makubaliano yetu. Hilo nililigundua baada ya kupanga kurasa, nilipokuta makosa 14, mengine yakiwa yamezaliwa na masahihisho yenyewe: neno lililofutwa nusu, nafasi iliyosahauliwa. Kosa hilo nalihesabu langu, kwa kuwa sikuuliza.

Kwa kuwa niliondoa sura mbili nzima, nilikitoa kitabu kama toleo la pili lenye ISBN mpya, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Ingekuwa ni kusahihisha tahajia tu, namba ya awali ingetosha. Maoni ya zamani sikuyajibu. Mhariri huyu nampa nyota nne, na muswada unaofuata nitampelekea kabla haujachapishwa, ukiwa na maelezo mafupi kuhusu wahusika wangu wanavyozungumza, huku prufu nikimwachia mtu mwingine ambaye hajawahi kuiona hadithi hiyo.