Kurekodi wimbo wa kikundi Mtwara mjini: kipi kinafaa, kipi ni kupoteza hela

Vikundi vya Mtwara na Lindi vinavyotaka wimbo wao ni vingi. Chama cha msingi cha ushirika kinataka wakulima waache kupeleka ghalani korosho ambazo hazijakauka, wavuvi wanataka uvuvi wa baruti ukome, akina mama wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) wanataka marejesho yaje kwa wakati. Michango inakusanywa, studio inatafutwa, kisha linapatikana faili tamu masikioni ambalo hakuna anayeliimba. Kwa sababu hiyo huduma zilizopo zinapimwa hapa kwa swali moja tu: spika ikizimwa, watu wataendelea?

Huduma zenyewe ni tatu: studio za chumbani mjini, mtayarishaji anayekufuata kijijini na vifaa vyake, na kurekodi katika ukumbi wa kwaya wenye vyombo vyake.

Studio za chumbani ndizo nyingi na ndizo zinazofaa kidogo kwa kazi hii. Chumba cha sauti mara nyingi ni cha mita mbili kwa mbili, kimebandikwa sponji ukutani, kina maiki moja ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo. Kilijengwa kwa ajili ya msanii mmoja wa Bongo Fleva au singeli, na kwa msanii huyo kazi inatoka vizuri. Wakija waitikiaji kumi na wawili, wanaingizwa watatu watatu, kila mmoja na hedifoni yake, wakiitikia biti wasiyoijua. Hawaonani na hawasikilizani. Prodyuza akishapata kiitikio kimoja kisicho na kasoro anakinakili na kukibandika kila panapohitajika. Matokeo yake kiitikio cha mwisho kinafanana na cha kwanza herufi kwa herufi, wakati kila aliyewahi kusimama ngomani anajua kuwa kiitikio cha mwisho ndicho chenye moto. Msikilizaji hawezi kueleza kilichopungua, ila miguu yake haiinuki.

Kasoro ya pili ni biti. Ngoma nyingi za huku, sindimba ikiwemo, hugawanya kila pigo katika tatu. Biti za kompyuta zilizo tayari hugawanya katika mbili au nne. Ukipachika wimbo wa kwanza juu ya mdundo wa pili, maneno yanabanwa, na mzee anayeujua mchezo atakwambia ngoma imevunjika mguu. Mwambie mtayarishaji mapema kwamba mnataka mdundo wa sita kwa nane. Asipoelewa, mwimbieni huku mkipiga makofi, na asianze kupanga kitu chochote kabla hajayafuata makofi hayo bila kukosea. Mwendo nao haukai mahali pamoja, ngoma ya watu huongeza kasi kadiri inavyokolea. Njia salama ni kurekodi kwanza ngoma na kiongozi kwa pamoja, bila kipima mwendo cha kompyuta, kisha vingine vyote viwafuate.

La tatu ndilo linaloua nyimbo nyingi, nalo ni kimo cha sauti. Prodyuza huchagua kimo kinachompendeza kiongozi, hasa akiwa dada mwenye sauti ya juu, kwa sababu kwenye spika kinang'aa. Umati hauwezi kumfuata. Wimbo wa watu wote usipande zaidi ya noti nane na mbili au tatu za nyongeza: kwa wanaotumia kinanda, chini kabisa iwe A iliyo chini ya C ya kati, juu kabisa D ya oktava inayofuata, na wanaume waimbe hayo hayo oktava moja chini. Kwa walimu wa kwaya wanaotumia do-re-mi, do ikiwa C, msivuke re ya juu. Kiongozi akilalamika kwamba kimo hicho kinamfunika, mpeni mashairi ya katikati apande anavyotaka. Kiitikio ni cha watu. Wimbo wa taifa, ambao tuni yake Enoch Sontonga aliitunga Afrika Kusini mwaka 1897, huimbwa na watoto wa shule kila asubuhi paredi bila kinanda wala maiki. Sababu mojawapo ni kwamba vipande vyake ni vifupi na vinarudiwa.

Upande wa maneno, studio nyingi huuza na huduma ya utunzi. Huduma hiyo msiinunue. Mtunzi wa mjini atawaletea "tushirikiane, tupendane, maendeleo yaje", ambayo hayamwambii mtu afanye nini kesho asubuhi. Kiitikio kiwe cha mizani nane, kibebe jambo moja linalotendeka. Kwa korosho:

Kiongozi: Bibo lile limetoka
Wote: Korosho anika kwanza
Kiongozi: Jua siku mbili tatu
Wote: Korosho anika kwanza
Kiongozi: Gunia liwe la jute
Wote: Korosho anika kwanza

Hapo mkulima amepewa kazi tatu kwa mpangilio wake: kutenganisha korosho na bibo (tunda lake), kuanika, kufungasha kwenye gunia linalopumua badala ya mfuko wa plastiki unaofuga unyevu. Kwa wavuvi wa Msimbati na vijiji vingine vilivyomo kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, "Baruti haina kesho" ina mizani nane vilevile. Ila kiongozi lazima ataje cha kufanya mtu akisikia mlipuko: aende kwa nani, amweleze nini. Wimbo unaolaani tu huishia kwenye kulaani.

Maneno yaingie kwenye tuni bila kuvunja mkazo. Silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo inayobeba uzito, hivyo noti ndefu au ya juu iangukie hapo. "Baruti" ikivutwa kwenye "ba", inasikika kama imetamkwa na mgeni. Na kiitikio kisikike ndani ya sekunde kumi za mwanzo. Utangulizi mrefu wa kinanda ni wa kusikiliza ukiwa umekaa.

Sasa huduma tunayoipendekeza: mtayarishaji anayekuja na vifaa. Kabla ya kumlipa nauli, ulizeni ana nini. Cha chini kabisa ni kompyuta mpakato, kadi ya sauti yenye matundu manne inayotoa umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa, kondensa mbili, dainamiki mbili (maiki za kawaida za kushika mkononi), nyaya za mita kumi na stendi. Mwenye maiki moja na simu mwacheni, hata akiwa mpwa wa mwenyekiti.

Mahali pazuri ni darasa ambalo wanafunzi wametoka, si uwanjani. Darasa la saruji lenye bati lina mwangwi, kwa hiyo tundikeni blanketi na vitenge vizito kwenye kuta mbili zinazokutana, na msimamishe magodoro mawili nyuma ya waimbaji. Mikeka haitoshi, ni myembamba mno. Waitikiaji wapangwe nusu duara, mita moja na nusu kutoka kwenye kondensa, wenye sauti kubwa nyuma. Kiongozi apewe dainamiki yake, kiganja kimoja kutoka mdomoni, akiwa amewageukia wenzake ili waonane macho. Ngoma zikae mita tano upande wa pili, na kubwa ipate maiki yake. Umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki na inachokirekodi. Zikikaribiana zaidi, sauti ile ile inafika mara mbili kwa kupishana kidogo, nazo hukatana: waimbaji wanasikika kama wako ndani ya pipa.

Kuhusu kiwango cha sauti, watayarishaji wengi hupima kwa wimbo peke yake. Kisha beti la tatu mama mmoja anapiga vigelegele na rekodi yote inapasuka, na mpasuko huo hautengenezeki. Anzeni na vigelegele. Wapige kwa nguvu zote, kipimo kisivuke desibeli hasi 6, ndipo muanze kuimba. Akiwaomba msipige vigelegele kabisa ili kumrahisishia kazi, mkatalieni.

Majira yana uzito wake. Julai na Agosti hakuna mvua ya kugonga bati, ngozi za ngoma zinakaa na mkazo muda mrefu zikishapashwa moto, na wakulima hawajabanwa na mavuno ya korosho. Ubaya wake ni kusi. Karibu na pwani upepo huo unaingia kwenye maiki kama ngurumo, hivyo fungeni madirisha ya upande wa kusini na kila maiki ivishwe sponji. Wimbo uliorekodiwa Julai unakuwa mdomoni mwa watu Oktoba, minada inapoanza. Ukirekodiwa Novemba umechelewa. Jenereta ikihitajika, iwe nyuma ya jengo lingine, mita 30 au zaidi. Betri na inveta ni bora kuliko jenereta yoyote.

Ukumbi wa kwaya ni chaguo la kati. Nafasi ipo, mwalimu anayejua sauti nne yupo. Hatari ni kwamba wimbo utatoka umevaa joho la kwaya, na Waislamu, ambao pwani hii ni wengi, watausikiliza kwa heshima bila kuuimba. Kinyume chake pia hutokea ukirekodiwa kwa mtindo wa kaswida. Kama wimbo ni wa kijiji kizima, rekodini mahali ambapo hapana dini.

Jambo jingine ambalo watayarishaji hupendekeza kirahisi ni kuchukua tuni ya unyago kwa sababu kila mwanamke anaijua. Msiikubali bila ruhusa ya makungwi. Nyimbo nyingi za unyago hazitakiwi kusikika nje ya mahali pake, na zikipigwa kwenye bajaji mtakuwa mmegawanya watu mliotaka kuwakusanya. Jina la mwanasiasa au mfadhili nalo lisiingie kwenye kiitikio. Uchaguzi ukipita, au mradi ukifungwa, wimbo unazikwa nalo.

Makubaliano yaandikwe kabla ya siku ya kurekodi, na yawe ya bei ya wimbo mzima, si ya saa, maana kikundi cha watu kumi na wawili hakina saa. Dai kila sauti katika faili lake, WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya bit 24 na kilohezi 48, ziwekwe kwenye flashi yenu. Wimbo mmoja wa dakika tatu uliokamilika hauzidi sana megabaiti 52 kwa ubora huo, ila vipande vyote pamoja hujaza haraka, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 16 ndiyo ya kununua. Msipochukua vipande hivyo, siku diski ya kompyuta ya studio ikifa mnabaki na MP3 tu. Dai pia matoleo matatu: wimbo kamili, wenye ngoma na kiitikio bila kiongozi, na wa ngoma tupu. Toleo la pili ndilo lenye faida kuliko yote, kwani kila kijiji kinaweza kuweka kiongozi wake na beti zake, kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, huku wote wakikutana kwenye kiitikio kile kile. Hakikisheni biti haikupakuliwa mtandaoni. Biti hizo huuzwa kwa watu wengi, na wimbo wenu ukipandishwa YouTube mtu mwingine anaudai. Kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina la kikundi, si la kiongozi wala la prodyuza.

Kusambaza, huduma inayoitwa "promo" haina maana kwa wimbo wa aina hii. Bibi Titi Mohamed alipowaingiza wanawake wa Dar es Salaam TANU mwaka 1955, alipitia vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, michango na siku za kukutana. Fanyeni hivyo: wimbo uanzie VICOBA, mkutano wa chama cha msingi, kwaya, madrasa, timu ya mpira. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama megabaiti 3 kwa dakika tatu, inarushwa simu kwa simu bila kumaliza bando. Kabla ya kuipokea kazi, isikilizeni kwenye simu ya bei ndogo na kwenye redio ya bajaji. Kama maneno ya kiitikio yanamezwa na besi, mrudishieni mtayarishaji.

Siku ya uzinduzi spika mbili za inchi 15 zinatosha uwanja wa kijiji, zikiwa juu ya vichwa vya watu. Maiki zikae nyuma ya mstari wa spika, la sivyo zitapiga mluzi. Imbeni kwanza bila vyombo mara mbili, watu wakishika kiitikio ndipo spika iwashwe. Prodyuza alipwe theluthi ya mwisho baada ya flashi kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine na kila faili kusikika.