Chungu cha umeme kinachopika polepole: nimepikia kuku wa kupaka mara tano, haya ndiyo niliyoyaona

Habari za jioni, ndugu zangu. Karibuni jikoni kwangu, hapa Dar es Salaam. Hiki kilichopo mezani ndicho mlichokuwa mkiniuliza wiki kadhaa sasa. Kwenye boksi kimeandikwa Slow Cooker. Mimi nakiita chungu cha umeme, maana ukikiinua hiki cha ndani, hebu tazameni, ni chungu kweli: cha udongo uliochomwa, kinateleza kama bakuli la kaure, na kizito hasa. Kinakaa ndani ya hili ganda la bati, na juu kuna mfuniko wa kioo.

Nimekinunua Kariakoo, shilingi 95,000, cha lita 3.5. Pesa yangu mwenyewe, hakuna aliyenilipa niseme chochote. Jina la kampuni silitaji kwa sababu vyungu vya bei hii na saizi hii vinafanana mno, kwa hiyo nitakayoyasema yatakufaa hata kama chako kina nembo nyingine.

Swali langu lilikuwa moja. Je, kinaweza kunipikia kuku wa kupaka, ule mchuzi mzito wa nazi unaoganda kwenye kipande cha kuku, mimi nikiwa kazini tangu asubuhi? Nimejaribu mara tano. Jibu ni ndiyo, lakini kuna mambo mawili ukiyakosea utakilaumu chungu bure: aina ya kuku unayeweka, na saa unayotia kasimile, yaani lile tui zito. Nitayarudia hayo hadi mnichoke.

Kwanza mjue kinavyofanya kazi. Jiko la kawaida la umeme linachoma kitako cha sufuria. Hapa waya wa joto umezungushwa ubavuni, ndani ya hili ganda, na udongo unapokea joto taratibu na kulitunza. Ndiyo maana chakula hakishiki chini hata usipokikoroga kutwa nzima. Hiki kitufe cha kuzungusha kina alama ya chini, ya juu na ya kutunza joto. Wengi mnadhani ya juu ina moto mkali zaidi. Kwenye vyungu vingi zote mbili zinaishia joto lilelile, karibu na kuchemka, tofauti ni haraka ya kufika huko.

Aliyekibuni alikuwa Mmarekani, Irving Naxon, na alipata hataza yake, yaani haki ya kumiliki ubunifu huo, mwaka 1940. Wazo lilitoka kwa mama yake, aliyemsimulia mapishi ya kwao Lithuania: Ijumaa, kabla jua halijazama, chungu cha maharage na nyama kinapelekwa kwa mwoka mikate, kinalala ndani ya tanuri lenye joto linalopungua, kwa kuwa siku ya Sabato Wayahudi hawawashi moto. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ikaanza kukiuza kwa jina la Crock-Pot, kikaenea Marekani nzima. Niliposoma habari hiyo nilimwona bibi yangu wa Tanga. Usiku alikuwa anafukia makaa kwa jivu, anabandika chungu cha maharage, anakwenda kulala. Alfajiri maharage yameiva, laini, hayakupasuka. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni kwetu hata kidogo.

Haya, tuje kwenye umeme, najua ndiyo hofu ya wengi. Nakigeuza... hapa chini kibandiko kinasema wati 210. Nikikiwasha kwa muda wa saa nane na nusu, nimetumia uniti 1.8 hivi. Mimi LUKU ya elfu kumi inanipa uniti 28, kwa hiyo jogoo mzima ananila chini ya shilingi 650. Pasi ya nguo ina njaa kuliko hiki chungu. Hapo hapo kwenye kibandiko soma na volti. Ndugu zetu walioko Marekani wanapenda kututumia vitu, na vya kule ni vya volti 120, sisi hapa ni 230. Ukikichomeka hivyo hivyo kinaungua siku hiyo hiyo. Waambieni wasitume, nunueni hapa.

Sasa kuku.

Mara ya kwanza nilimchukua jogoo wa kienyeji, nikatia kila kitu asubuhi kwa pamoja: viungo, ndimu mbili, tui lote, zito na jepesi. Niliporudi, nyama ilikuwa imeiva vizuri sana, lakini tui lilikuwa limekatika. Juu mafuta ya manjano yanaelea, chini maji yenye punjepunje kama maziwa yaliyoharibika. Ladha ilikuwepo, ila kwa macho huwezi kumwekea mgeni. Sababu ni hii: tui ni mafuta yaliyoshikwa ndani ya maji kwa protini za nazi. Joto la saa nyingi, pamoja na ukali wa ndimu, vinazigandisha zile protini, zinayaachia mafuta. Maziwa ya ng'ombe, krimu na mtindi navyo ni vivyo hivyo. Ninyi mlioko Ulaya na Marekani mnaotumia tui la kopo, hilo mara nyingi limetiwa vitu vya kulishikilia lisiachane, kwa hiyo linavumilia kidogo, lakini hata ninyi litieni mwisho.

Mara ya pili nikarekebisha, na hivi ndivyo napika mpaka leo. Jogoo wa kilo 1.3 akishasafishwa, vipande vinane. Usiku namkoleza kwa kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbichi, chumvi, bizari ya manjano na ndimu moja, namlaza kwenye friji. Alfajiri nawasha jiko dogo la mkaa na kumbabua, dakika tano upande huu, tano upande ule, mpaka ngozi ishike rangi na ile harufu ya moshi. Hatua hii msiiruke. Chungu cha umeme hakitoi moshi wala hakikaushi ngozi, na kuku wa kupaka asiyepita motoni si kuku wa kupaka, ni kuku wa nazi tu. Ila usimbabue usiku ukamlaza nusu mbichi nusu mbivu, hapo unafuga vijidudu. Akitoka kwenye makaa aingie chunguni akiwa na moto wake.

Viazi vinakaa chini kabisa na pembeni, vimegusa udongo. Kwenye chungu hiki kiazi kinachelewa kuliko nyama, utashangaa. Juu yake kitunguu maji, nyanya mbili, kisha vipande vya kuku, halafu tui jepesi robo lita peke yake. Mtasema ni kidogo. Hapana, kinatosha. Mfuniko huu hautoi mvuke, na kuku na nyanya vitatoa maji yao, jioni utakuta mchuzi umepanda. Ukipima maji kama ya sufuria utapata supu.

Saa moja asubuhi nageuza alama ya chini, naondoka. Na aliyebaki nyumbani asifunue! Kila ukiinua mfuniko joto lililokusanyika linatoka, unajiongezea kama dakika 20 za kupika.

Saa tisa alasiri narudi. Tazameni nilivyorekodi juzi. Huyu ndiye mguu wa jogoo, ule ambao kwa mkaa ulikuwa unanimalizia makopo mawili na bado unapigana na meno. Nashika mfupa kwa vidole viwili, navuta... umetoka mweupe, nyama imebaki chunguni. Sikuongeza chochote. Kano na ngozi zinazofanya jogoo awe mgumu zimeyeyuka zikawa ute, na ute huo ndio unaoupa mchuzi uzito wa kwanza. Natoa viazi viwili, naviponda kwa mwiko, navirudisha. Huo ni uzito wa pili.

Halafu kasimile. Nazi mbili, nimezikuna kwa mbuzi na kuzikamua kwa kifumbu bila maji mengi, limetoka tui zito la kikombe kimoja na nusu. Nachota kwanza upawa wa mchuzi wa moto, nachanganya na kasimile kwenye bakuli ili lisishtuke, ndipo namimina, polepole, huku nakoroga upande mmoja. Ule mchuzi wa rangi ya manjano ya maji, mnaona unavyofunga? Unakuwa mweupe wa siagi, unashika mgongo wa mwiko, na nikipitisha kidole njia inabaki wazi. Nageuza alama ya juu, dakika 25 hadi 30, mfuniko nauachia mwanya kidogo. Mwishoni nyunyizia kotimiri na matone ya ndimu ukishazima.

Mara ya tatu, ndugu zangu, nilimwaga chungu kizima, na nataka mlisikie hili vizuri. Umeme ulikatika mtaani nikiwa kazini. Niliporudi ulikuwa umesharudi, chungu kinaendelea, kimekuwa cha uvuguvugu. Sikujua kilikaa bila moto saa moja au nne. Nikauliza jirani, akaniambia ulikatika saa tatu ukarudi saa nane. Kuku mbichi aliyekaa saa tano kwenye joto la wastani hapikwi tena akawa salama, kwa sababu baadhi ya vijidudu vinaacha sumu isiyokufa kwa moto. Iliniuma, jogoo wa shilingi 28,000, lakini nina watoto. Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu: nikiondoka, mtu wa nyumbani au jirani ananijulisha umeme ukikatika. Ukikatika na kuna mtu ndani, ahamishie kuku kwenye gesi pale pale. Kama mtaa wako umeme haueleweki na nyumba inabaki tupu kutwa, kwa kweli sikushauri ununue hiki, au kitumie siku za mapumziko tu ukiwepo. Kwa sababu hiyo hiyo usitie kuku wa barafu. Atakaa saa nyingi katika uvuguvugu kabla ya kuiva.

Mara ya nne ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Nilinunua kuku wa mayai, wale waliokwisha kutaga, ambao sokoni wengi wanawakwepa kwa ugumu, na bei yake haifikii ya jogoo wa kienyeji. Utaratibu ule ule, saa nane. Alitoka laini, na mchuzi wake ulikuwa mzito kuliko wa jogoo, maana ana mafuta yake. Hapa ndipo chungu hiki kimenirudishia pesa yangu.

Mara ya tano, kuku wa kisasa, yule wa wiki tano au sita. Hakufaa. Huyu hana kano za kuyeyusha, kwa hiyo saa zinapita zinamnyonya tu. Kifua kikawa nyuzinyuzi, unatafuna kama pamba, na mapaja yakavurugika kwenye mchuzi. Kama huyo ndiye unayekula kila siku, sufuria ya kawaida na dakika 40 za gesi zinakutosha. Usitoe 95,000 kwa ajili yake.

Kuna wanaoniuliza maharage. Yanapikika, lakini maharage mekundu lazima uyaloweke usiku, umwage yale maji, kisha uyachemshe kwa nguvu kwenye sufuria dakika 10 au zaidi, ndipo uyahamishie humu. Yana sumu ya asili ambayo moto wa polepole hauiui, na mtu anaweza kutapika vibaya kwa kula machache tu. Kwa bibi yangu yalikuwa yanatokota kwanza kabla hajafukia makaa, sasa naelewa kwa nini.

Kasoro za kifaa chenyewe. Ganda hili la nje linapata moto sana, nimeweka kidole hapa sekunde mbili nikatoa, kwa hiyo mwenye mtoto anayetambaa akiweke mbali, na waya wake ni mfupi, unalazimika kukisogeza karibu na soketi. Hakina saa ya kujizima. Ukichelewa kwenye foleni, kinaendelea tu. Maandishi ya kitufe changu yameanza kufutika baada ya miezi miwili, nimeweka alama kwa rangi ya kucha. Na udongo hautaki kushtuliwa: ukikitoa cha moto usikimiminie maji ya bomba, kitapasuka. Acha kipoe mezani, juu ya kitambaa.

Saizi ya lita 3.5 inatutosha sisi watano, kuku mmoja na viazi. Familia ya watu wanane watafute ya lita 6.

Mimi nimeshanunua cha pili. Mama yangu yuko Tanga, magoti yanamsumbua, na bado anainama kwenye jiko la mkaa saa mbili nzima kwa ajili ya kuku mmoja. Jumamosi napanda basi nimpelekee, nazi nitanunua hukohuko. Nitamkunia nazi mwenyewe, na kasimile nitamwachia aitie kwa mkono wake.