Deki ipi ya DVD inakufaa? Anza na CD zilizoko kabatini

Kabla ya kwenda dukani, fungua kabati uone una nini. Kama kuna DVD za harusi, kipaimara, mahafali au kwaya, vitu ambavyo huvipati popote pengine, deki bado ni chombo cha maana. Kama filamu zako zote ziko kwenye flashi, tunza hela yako. TV bapa nyingi zina tundu la USB na zinacheza zenyewe.

Namba moja kwangu ni deki ya kawaida yenye HDMI, AV na USB kwa pamoja. TV mpya nyingi zimeondoa yale matundu ya AV, ya njano, nyekundu na nyeupe, kwa hiyo bila HDMI utakwama. AV nayo utaihitaji siku deki ikihamia kwa bibi kwenye TV ya chogo. Boksi likiandikwa 1080p, yaani picha ya mistari 1080, elewa kwamba picha ya DVD ya PAL, mfumo wa picha wa kwetu, ina mistari 576 tu, na deki inaikuza ijaze kioo. Itatulia zaidi machoni, ila harusi iliyorekodiwa kwa kamera ya zamani itabaki ya kamera ya zamani.

USB ndiyo iliyoniliza. Nilinunua deki kwa kuliona tundu tu, nikafika nyumbani na flashi imejaa, kila filamu inakataa. Filamu hubanwa kwa njia tofauti: deki nyingi za bei ya chini husoma faili za AVI zilizobanwa kwa Xvid, lakini MP4 zilizobanwa kwa H.264, ambazo ndizo zimejaa mtaani, hazizijui. Nyingi pia hutaka flashi iwe imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, na FAT32 haibebi faili linalofika GB 4. Nenda dukani na flashi yako mwenyewe, usikubali kuonyeshwa ya muuzaji.

Namba mbili ni deki ya kukunja, yenye kioo na betri yake. Ni nzuri pale umeme unapokatika kila jioni, au nyumba inatumia sola na deki yenyewe inakubali volti 12. Kioo chake ni kidogo, wanatazama wawili watatu, na betri huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Hakikisha ina tundu la kutolea picha kwenda kwenye TV.

Deki ya Blu-ray naiweka ya tatu. Inacheza DVD vizuri, lakini kinachokufanya uilipie ni diski za Blu-ray zenyewe, zinazobeba GB 25 kwa tabaka moja dhidi ya 4.7 za DVD. Huna hizo diski, huna haja nayo.

Ya mwisho ni sabufa yenye deki ndani. Lenzi ikifa, unabeba mzigo mzima kwa fundi, na spika nyingine zina plagi ambazo hazikubali redio nyingine yoyote. Nunua sabufa peke yake na deki peke yake.

Ukiletewa deki na ndugu aliyeko nje, geuza nyuma usome. Ikiandikwa 120V tu, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza; tafuta iliyoandikwa 100-240V. Kisha tazama kialama cha dunia chenye namba, yaani kanda ambayo DVD zake deki inaruhusiwa kucheza. Tanzania na Kenya ni 5, Marekani ni 1, Ulaya na Oman ni 2. DVD orijino kutoka Muscat inaweza kukataliwa na deki ya 5, kwa hiyo chagua inayocheza zote. DVD za harusi zilizochomwa mtaani kwa kawaida hazina kizuizi hicho.

Hizo za harusi ndizo za kujaribia deki dukani. Mimi hubeba ya harusi ya dada yangu, yenye mikwaruzo kuliko zote. Muuzaji akisema, "Kaka, inacheza, si unaona?", mwombe aruke mpaka kwenye keki na zawadi. DVD ya tabaka moja husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na lenzi dhaifu mara nyingi hukwamia huko mwisho: picha inaganda, keki haikatwi. Hiyo deki iache.

Picha ikitoka nyeusi na nyeupe kwenye TV ya chogo, deki usiirudishe bado. Ingia kwenye mipangilio, toa NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, weka PAL, na rangi ya gauni itarudi.