Rangi za kuchora nyusi na midomo kwa sindano (tatuu ya urembo): za madini au za kikaboni?
Mafundi hawaishi kubishana. Za madini, yaani oksidi za chuma, hufifia mapema na mara nyingi huacha wekundu, hivyo mteja hurudi kuongezewa. Ila nyusi zikienda mrama, afadhali hizo, zitapauka zenyewe. Za kikaboni, yaani zenye msingi wa kaboni, hudumu na midomo hung'aa. Kosa lako nalo hudumu. Nyeusi ya kaboni ikizama sana huonekana ya bluu.

Usalama? Jina la madini au kikaboni halisemi kitu: oksidi zaweza kubeba nikeli, metali inayoleta mzio. Umoja wa Ulaya umebana kemikali za wino wa tatuu tangu Januari 2022, basi geuza chupa usome viambato, namba ya toleo, tarehe. Lebo tupu, rudisha.

Mwanagenzi wa nyusi aanze na madini. Midomo, mkono ukishatulia, kikaboni.